Kurudi ku pikipiki nyuma ya miaka mingi: usinunue ile ya ujana wako

Ni saa kumi na moja ya asubuhi, jua bado kutoka. Simama ku geti ya mugodi wetu, hapa pembeni ya Lubumbashi, utaona pikipiki zinaingia moja moja, taa zao zimejaa vumbi. Wenye kuzipanda si wale vijana manseba wanaobeba watu ku Kenya na ku Katuba. Ni baba za watu. Mumoja ana nywele nyeupe pembeni ya masikio, mwingine anashuka pole pole na kushika mugongo. Wengi wetu hatukuwa tumegusa pikipiki tangu miaka kumi, wengine kumi na tano.

Tuliirudia kwa sababu moja. Kampuni ilikata bisi iliyokuwa inaingia mpaka ndani ya vitongoji, ikaacha ile ya barabara kubwa tu, na ikaongeza franga kidogo ya transpo ku fishi ya mushahara. Sendika ilikataa, ikaandika barua, ikaketi na wakubwa mara tatu. Mazungumuzo yanaendelea. Lakini posti ya saa kumi na mbili haingojei mazungumuzo. Kila mutu akatafuta njia yake: huyu kwa akiba, huyu kwa likelemba, huyu kwa deni.

Mu miezi mitatu ya kwanza, wenzetu wane walianguka. Hakuna kati yao aliyekuwa mugeni wa pikipiki. Wote walikuwa wamesema neno moja: «Mi najua kuendesha tangu zamani.» Njo hapo sisi wa komite ya sendika tuliketi nao, pamoja na mafundi wawili wa ku Ruashi, tukauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mbele ya kununua: mutu wa miaka makumi ine na tano, aliyeacha pikipiki zamani, achague gani? Tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa ajili ya mufanyakazi na kwa ajili ya mama wa nyumba pia, maana franga hii ni ya nyumba yote.

Pikipiki tuliyojifunzia

Tukumbuke tulitoka wapi. Mu 2002 kode minyere mupya ilifungulia kampuni za kibinafsi mulango. Mu 2003, Gécamines ilikuwa imeanguka chini, na wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 wakatolewa mu ule mupango wa «Départs volontaires» uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Baba zetu walipokea franga mara moja tu. Wengine walinunua bisi ndogo, wengine mashini ya kusaga unga, wengine pikipiki. Sisi watoto wao tuliingia mu kariere na sululu, na pikipiki njo iliyobeba mifuko mpaka kwa wanunuzi.

Ile pikipiki ya wakati ule wengi tunaiota mpaka leo. Kulikuwa Yamaha DT 125, ndefu kama farasi, na dada yake AG 100, zile za misioni na za kilimo zilizouzishwa okazyo. Zote mbili zina motere ya mipigo miwili, inayochoma mafuta pamoja na esanse, na moshi yake ya bleu. Kulikuwa tena Honda CG 125. Ile Honda iliitoa mu 1976 kwa ajili ya inchi kama zetu, nyuma ya kuona kama watu wanabeba muzigo mingi na wanachelewa kubadilisha mafuta. Waliiwekea motere rahisi, yenye kuvumilia. Ilivumilia kweli, mpaka viwanda vya China viliiga motere yake, na watoto wa ile motere bado wanatembea mu njia zetu.

Kisha kampuni zilifunguka, tukapata kontra, tukapata kaske na bisi. Pikipiki tuliiuzisha. Miaka ikapita. Tumbo likakua, magoti yakaanza kulia wakati wa baridi, macho yakataka miwani usiku. Lakini mu kichwa tulibaki na miaka makumi mbili na mitano. Hapo njo shida ilianzia.

Muguu unakumbuka pikipiki ingine

Mwenzetu wa kwanza alianguka siku ya ine. Ku pikipiki yake ya zamani, vitesi ya kwanza ilikuwa chini na zingine zote juu. Ku ile aliyonunua, vitesi zote zinaingia kwa kukanyaga chini. Muuzaji alimwambia, na yeye alielewa. Siku tatu aliendesha vizuri, sababu kila mara alikuwa anafikiri. Siku ya ine alikuwa anatoka posti ya usiku, usingizi ku macho, na kamyo ikasimama mbele yake gafula. Muguu haukungoja kichwa. Ulikanyaga chini ili kushusha vitesi, kama zamani, kumbe alikuwa anapandisha. Motere haikumushika. Akakanyaga freni ya nyuma kwa nguvu yote, gurudumu likateleza, akalala mu vumbi. Mungu alisaidia, aliumia mukono tu.

Tulifikiri ni bahati mbaya yake. Kumbe jambo hili lilishachunguzwa. Mu 1981, Harry Hurt wa chuo kikuu cha Southern California, mu Marekani, alitoa matokeo ya ajali 900 za pikipiki zilizotokea Los Angeles na pembeni yake. Aliona kama zaidi ya nusu ya waendeshaji walioanguka walikuwa na ile pikipiki chini ya miezi mitano, hata kama kwa jumla walikuwa wameendesha karibu miaka mitatu. Aliona tena kama wakati wa hatari wengi wanakanyaga freni ya nyuma mpaka gurudumu linateleza, na wanasahau ile ya mbele, ambayo njo inasimamisha kweli. Los Angeles haina vumbi yetu, lakini muguu wa mwenzetu ulifanya vile vile.

Kwa hiyo tunakuambia waziwazi: kujua zamani si kujua leo. Ukinunua pikipiki mupya kwako, hata kama ni okazyo, wewe ni muanafunzi kwa miezi mitano. Chagua ile yenye kusamehe muanafunzi.

Panda juu yake na viatu vya kazi

Mwenzetu wa pili alikuwa na pesa na alikuwa na ndoto. Alitafuta DT miezi miwili, akaipata, akaileta nyumbani watoto wakapiga makelele ya furaha. Alianguka ku Annexe mu mwezi wa kwanza, wakati wa mvua, pikipiki ikiwa karibu imesimama. Alitaka kuweka muguu chini mu matope, na chini ilikuwa mbali kuliko alivyofikiri. Pikipiki ilimulalia. Tangu ile siku iko mu parsele, inangoja pistoni ambayo hakuna muuzaji wa piyesi ku soko ya Kenya anayo. Bibi yake alituambia mbele ya wote: «Hii haiko moto, iko mutoto wa munane. Inakula tu, haitumike.»

Hatusemi DT ni mubaya. Ni pikipiki ya mutu mwingine na ya njia ingine. Kwa mutu anayerudi, mafundi wetu wanataka uangalie mambo haya, kwa mupango huu.

Kwanza miguu. Kwenda ku duka na viatu vya kazi, vile vya chuma ku vidole. Keti. Nyayo zote mbili zifike chini bila kunyoosha vidole. Mu njia zetu za mashimo, kutoka nyumbani mpaka gudro, utasimama mara makumi. Kisha jaribu kuingiza kiatu chini ya kijiti cha vitesi. Kiatu cha mugodi ni kinene; ku pikipiki zingine hakiingii, na utajikuta unatafuta vitesi na kisigino mu katikati ya barabara. Zile zenye kijiti cha pande mbili, mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, zinakubali kiatu kile. Na mupango wa vitesi uulize, uurudilie kwa sauti: ngapi chini, ngapi juu.

Pili uzito. Isukume mwenyewe mita kumi, igeuze, uisimamishe ku stendi ya katikati. Zile ndogo za India na za China, kati ya 100 na 150, nyingi zina kilo karibu 110 mpaka 125. Ukishindwa kuigeuza ku duka kwenye simenti, utashindwa zaidi ku matope saa kumi ya asubuhi.

Tatu motere. Watu wanapenda kuuliza: 100, 125 ao 150? Lubumbashi iko ku tambarare, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hatupandi milima kama ndugu zetu wa Bukavu. Mutu anayeenda peke yake, ndani ya muji, 100 ao 125 inamutosha, na inakunywa esanse kidogo. Kama unatembea kila siku ku barabara ya Kipushi, kilometa karibu 30, ao ku ile ya Likasi kati ya makamyo, ama unabeba bibi na mufuko wa unga, 150 inakupa nguvu kidogo ya kutoka mbele ya kamyo. Lakini nguvu ile si ya kushindana. Na ujue jambo moja: kama ulizoea mipigo miwili, hii ya mipigo ine ukiachilia gazi inakushika zaidi, hasa mu vitesi ya chini. Ni msaada, lakini mara ya kwanza inashitua.

Ine freni. Ya mbele iwe na nguvu, na uisikie ku vidole vyako inavyokamata pole pole, si gafula. Diski ni nzuri, lakini tambura iliyorekebishwa vizuri inafaa kuliko diski yenye kuvuja.

Tano kuwasha. Chukua yenye starta na kiki, zote mbili. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Lubumbashi inauma, na batri ya zamani inakufa njo siku ile hutaki kuchelewa.

Sita piyesi, na hili kwetu njo kubwa kuliko yote. Mbele ya kwenda ku duka, simama dakika makumi mbili ku kona ya avenue yako na uhesabu manseba wanapanda nini. TVS ngapi? Boxer ngapi? Za China ngapi, na za jina gani? Manseba hapendi pikipiki ya sifa. Anapenda ile isiyolala, sababu ikilala na watoto wake wanalala njaa. Pikipiki ambayo iko mingi mu kitongoji chako ina fundi ku kila kona na sheni yake inapatikana hata siku ya mungu. Ile ya peke yake itakuonyesha upweke wake siku ya kwanza itakapovunjika.

Mupya ao okazyo

Kama franga inafika, nunua mupya, hata kama ni ndogo. Mutu anayerudi hana masikio tena ya kusikia motere yenye kudanganya. Lakini wengi wetu hatuna uwezo ule, kwa hiyo okazyo ichunguzwe na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Fika asubuhi, motere ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mbele ufike anaficha kitu. Moshi ya bleu isiyoisha ku pikipiki ya mipigo ine ni motere inayokula mafuta. Simama nyuma yake na uangalie kama magurudumu mawili yako mu mustari mumoja. Kama hayako, ilishagonga. Angalia meno ya pinyo ya sheni: yakiwa yamelala kama meno ya musumeno, sheni na pinyo zote ni za kubadilisha. Kanyagia chini mbele mara tano, kisha uguse miguu ya forki: ukipata mafuta ku vidole, joa zimekufa. Usiamini kilometa za pikipiki iliyofanya kazi ya manseba. Angalia mapedali na kiti, vile havijui kudanganya.

Mwisho linganisha namba ya shasi na ile ya karte roze. Namba kwa namba. Kama muuzaji anasema karatasi ziko kwa shemeji yake Likasi, muage vizuri na uende zako.

Franga isiishe yote ku pikipiki

Baba zetu wa 2003 walitufundisha jambo hili bila kutaka. Franga yenye kuja mara moja, ukiiweka yote mu kitu kimoja, kile kitu kikilala na nyumba inalala. Basi, kama uko na dola 1,200, usitafute pikipiki ya 1,200. Tafuta ya 900. Zile zingine ni za kaske, karatasi, asiransi, na akiba ya matairi na mafuta ya motere kwa mwaka wa kwanza. Kama 900 haitoshi, ngoja mwezi mumoja, ao wawili.

Kaske, tuseme juu yake kwa nguvu. Mwenzetu wa tatu aligongwa na mulango wa bisi ndogo. Mnajua zile zinazotoka Japani: shofere yuko kuume, na mulango wa kusukuma uko kushoto. Sisi tunatembea kuume, kwa hiyo ule mulango unafunguka mu katikati ya barabara, si ku pembeni. Abiria akashuka, mulango na mutu vikamupata mwenzetu ku bega. Alikuwa amevaa kaske. Lakini ilikuwa kaske ya mugodi, ile ya njano. Iliruka mbele yeye afike chini, na kichwa kikapiga ku gudro. Alilala hospitali siku tisa.

Kaske ya mugodi ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachotupwa pembeni. Kaske ya pikipiki iliyofungwa vizuri, uchunguzi wa inchi nyingi ukikusanywa pamoja, unaonyesha kama inapunguza hatari ya kufa kwa 42% hivi, na ya kuumia kichwa kwa 69%. Tafuta yenye alama ya herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake: ni alama ya sheria namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Ivae, funga kamba, tingisha kichwa; isigeuke. Okazyo ya kaske usinunue, sababu kaske ikishagonga mara moja imemaliza kazi yake, na kwa macho huwezi kujua. Na ile jile yenye kungaa tunayovaa ku mugodi, usiivue ku geti. Njiani njo mahali unaihitaji zaidi.

Karatasi na CNSS

Mwenzetu wa ine njo aliyevunjika muguu, na habari yake inatuuma mpaka leo. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, ile ya sekirite sosiale, inahesabu ajali ya njiani, kutoka nyumbani kwenda ku kazi na kurudi, kuwa ajali ya kazi. CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS, njo inayolipa. Lakini kuko sharti: njia isiwe imekatwa wala kugeuzwa kwa ajili ya mambo yako mwenyewe.

Yeye alitoka posti saa kumi na mbili ya asubuhi. Franga ya transpo haikutosha kulipa deni ya pikipiki, basi kila asubuhi alikuwa anapitia ku soko, anabeba abiria wawili watatu kama manseba, kisha anarudi nyumbani. Ile siku aligongwa mu kitongoji ambacho hakiko mu njia yake, na abiria nyuma. Tulipoketi kutengeneza dosie, swali la kwanza lilikuwa: alikuwa anaenda wapi? Hatukuwa na jibu lenye kusaidia. Hakuwa mwizi. Alikuwa baba anayelipa deni. Lakini sheria inaangalia njia.

Kwa hiyo, ndugu, hesabu deni mbele ya kununua. Pikipiki ambayo inataka uifanyishe kazi ya pili nyuma ya posti ya usiku, ile si yako, ni wewe uko wake. Na wewe wa sutretansi, fanya jambo moja leo: uliza namba yako ya CNSS. Kama mwajiri hakukuandikisha, utajua siku ya ajali, na siku ile ni kuchelewa. Ukianguka mu njia ya kazi, hata kidogo, julisha shefu na delege siku ile ile, tafuta mashahidi wawili, na karatasi ya monganga iandikwe saa. Asiransi ya kulipa mutu utakayemugonga ni ya lazima mu inchi yetu tangu sheria ya 1973. Si zawadi kwa polisi, ni ukuta kati ya ajali na nyumba yako. Na permi iwe ya pikipiki, kategori A. Ile ya gari peke yake haitoshi.

Mwezi wa kwanza

Pikipiki ikifika nyumbani, usiende nayo ku kazi kesho yake. Tafuta uwanja wa mupira siku ya mungu asubuhi. Fanya mambo matatu mpaka yachoshe: kuondoka na kusimama, kupandisha na kushusha vitesi bila kuangalia chini, na freni mbili pamoja, ya mbele ikiongezwa pole pole. Anza ku udongo mukavu, kisha ku gudro. Ku vumbi na muchanga, ile ya mbele iguse kidogo tu na usimame mbali zaidi. Fanya vile siku za mungu tatu. Watoto watacheka. Waache wacheke.

Mwezi wa kwanza usibebe mutu. Hata bibi. Pikipiki yenye mutu nyuma inakuwa pikipiki ingine, na wewe bado hujaijua ya kwanza.

Ku barabara za makamyo, kamyo inayokuja inasukuma upepo. Shika gidoni kwa mikono miwili na usiwe ku mustari wa katikati. Gari yenye usukani kuume, ikitaka kupita kamyo, lazima itoke yote mbele shofere akuone. Wewe usingoje akuone.

Na usingizi. Mu 1997, wachunguzi wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokaa macho. Nyuma ya masaa 17 bila kulala, mikono na akili zao zilikuwa sawa na za mutu mwenye pombe 0.05% mu damu. Fanya hesabu yetu: umeamuka saa nane ya muchana, umeingia posti ya usiku, umetoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Ukifika nyumbani saa moja, umefika 17. Hujanywa hata simba moja, lakini unaendesha kama aliyekunywa. Kwa hiyo, mbele ya kuwasha, keti nyuma ya geti dakika makumi mbili, funga macho. Kampuni ikikufukuza hapo, tuambie, ile njo kazi yetu.

Sisi bado tunadai bisi irudi. Hakuna pikipiki, hata ikiwa nzuri namna gani, inayochukua nafasi ya bisi kwa mutu aliyetoka kufanya kazi usiku. Lakini mpaka irudi, tusizikane.

Juma lililopita yule wa muguu alitembea na fimbo yake mpaka ku duka ya pikipiki, sisi wawili nyuma yake. Hakupanda hata moja. Aliuliza bei ya kaske, akaivaa, akatingisha kichwa, akailipa. Pikipiki, alisema, ataifikiria nyuma ya mvua. Kama na wewe uko karibu kununua, pitia kwa delege wako mbele ya kulipa. Tutakwenda pamoja na fundi, na viatu vya kazi ku miguu.